Asubuhi Liwali Alipomuuliza Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza barazani, enzi za Mwingereza, nilivaa kanzu ya kuazima. Nilikuwa karani wa liwali, hakimu wa wenyeji wa pwani. Akaniambia, "Andika ulichosikia, si ulichodhani."

Mwaka wa pili alinituma Msasani kwa Bi Mwanaidi, mjane mkongwe. Alitaka kutoa hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai: nyumba yake ampe Tatu, jirani aliyemuuguza. Mpwa wake akapinga, akidai bibi amerukwa na akili. Nilifika alasiri, mpwa kaketi ubavuni mwake. Nikamuuliza bibi leo siku gani, hakujua. Akaniita kwa jina la marehemu mumewe. Nikaandika: hana akili timamu.

Liwali alisoma, akavua miwani. "Ulimuuliza habari za nyumba?"

"Hapana, bwana."

"Basi umepima nini?"

Kesho yake tulikwenda wote asubuhi, maana majirani walimwambia liwali kwamba bibi huchangamka akishakunywa uji, na sikio la kulia halisikii. Liwali akamwomba mpwa atoke, kisha akaketi mkekani, upande wa kushoto.

"Shikamoo, bibi. Nyumba hii unataka kuifanyaje?"

Bibi akapapasa ukingo wa mkeka. Nilifungua kinywa nimsaidie. Liwali akanikanya kwa jicho.

"Nampa Tatu."

"Ukishampa?"

"Si yangu tena. Hata akinifukuza, sina la kudai. Lakini hatanifukuza."

"Na mpwa wako?"

"Atanuna. Nampenda, ni mwanangu. Ila nilipolala sijiwezi, aliyekuwa akinigeuza kitandani ni Tatu."

Wakazungumza habari za mvua, kisha liwali akamuuliza tena kwa maneno mengine. Jibu likawa lilelile. Mtu niliyemzika kwa mstari mmoja alikuwa amepima kila kitu, hata uwezekano wa kutupwa nje.

Hiba ikathibitishwa. Mpwa akaondoka bila kuaga.

Si wote waliokubaliwa. Mzee mmoja wa Kunduchi aliulizwa mara tatu, akatoa majibu matatu. Liwali alimkatalia kwa upole.

Nilistaafu zamani. Juzi, hospitali ya Mwananyamala, daktari alimuuliza binti yangu, "Mzee anakubali kupasuliwa?"

"Muulize mwenyewe," binti akasema.

Nilikawia kujibu. Wakanisubiri.