Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Mume wangu hubeba maziwa kwa pikipiki kutoka Dundori hadi Nakuru, na kwa miaka mingi pikipiki hiyo ililala ndani ya nyumba. Huku si ajabu. Ukiiacha nje, asubuhi utakuta alama za magurudumu tu. Kwa hivyo kila jioni meza ilisukumwa ukutani, mlango ukafunguliwa wote, naye akaiingiza sebuleni na matope yake, mimi nikifuata nyuma na tambara. Nimeyapangusa matope hayo hadi nikachoka hata kuyachukia.

Sebuleni humo ndimo anamokaa mama yake. Miguu haimbebi tena vizuri, na baridi ya Dundori humwingia mifupani, kwa hivyo jiko la makaa huwekwa karibu na kiti chake tangu jua linapoanza kushuka, na dirisha huachwa wazi kidogo. Basi tulikaa hivyo: mama, jiko, pikipiki na sisi wawili, magoti yamebanana kama ya watu walio kwenye foleni ya kliniki.

Msimu wa mvua una taabu zake. Petroli ya kununua kwa chupa pale senta, kwenye maduka, huingia maji, na pikipiki ikinywa maji inakohoa mlimani mpaka inazima. Waendeshaji wa huku wana dawa yao. Asubuhi wanatia kifuniko cha spiriti kwenye tangi, wakisema wanaifungua kifua. Spiriti hujichanganya na yale maji kidogo, yakaenda kuungua pamoja na petroli. Mume wangu alifanya hivyo miaka yote, na sikuwahi kumsikia mtu akimkataza.

Kisha tangi la chuma likaliwa na kutu. Akapata la plastiki huko Nakuru, lililotolewa kwenye pikipiki nyingine kuukuu, akalifunga mwenyewe kwa furaha ya bwana harusi. "Hii haishiki kutu, mama watoto," aliniambia. "Na mafuta naiona ikiwa ndani." Dawa yake ya asubuhi akaendelea nayo. Kwa kuwa mvua ilizidi, na mkono wake ukazidi kumimina.

Ndipo jirani yetu akafariki. Kwetu mtu akifariki, wa karibu huweka kazi chini. Mume wangu alishinda kwenye matanga, akipanga viti na kukata kuni, na maziwa yakapelekwa na mwenzake. Pikipiki ikabaki sebuleni na tangi lililojaa, spiriti ndani yake.

"Kuna kitu kinanuka," mama alisema jioni ya kwanza.

"Mama, si ni pikipiki?" mwanawe akamjibu. "Ulitaka inuke mandazi?"

Tulicheka. Kusema kweli, pua zetu zilishazoea harufu ya petroli kama zilivyozoea ya maziwa. Kesho yake mama alisema tena, mwanawe akamwambia ni uzee. Baada ya hapo alinyamaza, na mimi, kwa uchovu niliokuwa nao, nilishukuru kimya hicho.

Siku ya kuamkia mazishi nilikuwa nimewasha makaa nje mapema kama kawaida. Nikayazoa kwenye koleo, mekundu, nikaja nayo kuongeza jiko. Nilipofika mlangoni mama akapaza sauti: "Simama hapo hapo!"

Nikasimama. Jiko lilikuwa limefunikwa majivu na kumwagiwa maji. Yeye alikuwa amejifunga blanketi, na juu yake koti la mvua la mwanawe, mikono ameibana katikati ya magoti. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Mama, nani amezima moto?"

"Ni mimi. Hiyo kitu inanuka na nyinyi hamnisikii. Hiyo pikipiki ndiyo inatulisha, mimi silishi mtu. Nikaona heri jiko litoke."

Niliyarudisha makaa mbali uani, nikayamwagia maji. Nilipoingia tena nilipapasa chini ya tangi. Mkono ulitoka umelowa. Tangi lilikuwa limevimba ubavuni, bolti imevutwa upande, na pale koki inapoingilia, petroli ilikuwa ikichuruzika kidogo kidogo hadi kwenye mkeka, hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha mama. Sijui hasira ile ilitoka wapi, maana nilidhani zangu zimeisha. Niliisukuma peke yangu hadi nje kwenye mvua, nikang'oa na kipande cha fremu ya mlango, nikafungua madirisha yote.

Mume wangu aliporudi alianza kuuliza mbona pikipiki inanyeshewa. Nilimwonyesha mkeka, kisha nikamwonyesha jiko. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, miguu nje.

Baada ya mazishi aliimwaga petroli yote huko uani, mbali na moto, akaipeleka pikipiki kwa fundi Nakuru juu ya pikapu. Fundi hakushangaa. "Boss, plastiki zingine na spiriti haziskizani," alisema. "Inavimba, hata raba inalegea. Ukiona maji, mwaga tangi, usafishe. Ukitaka lazima dawa, chukua ile imeandikwa ni salama kwa plastiki, weka kipimo tu, na uiendeshe iishe. Usiwache ilale na hiyo kitu." Halafu akauliza inalala wapi. Mume wangu akauliza bei ya tangi jipya.

Sasa ina tangi jipya, na inalala nje chini ya mabati. Mnyororo wake unapita kwenye tundu la ukuta wa mbao hadi mguu wa kitanda chetu. Upepo ukiutikisa, sote wawili tunaamka. Nimechoka, na macho ya mume wangu yamekuwa mekundu.

Lakini kila jioni nikifika na koleo, nasimama mlangoni hata kama sijaambiwa. Mama huvuta hewa puani polepole, mwanawe akimtazama, hakuna anayecheka. Kisha husema, "Leta." Ndipo ninapoingia na moto.