Nani Aliruhusu Nipasuliwe?

Nilijifungua nikiwa usingizini. Nilipoamka, siku tisa zilikuwa zimepita.

Sitanii. Nilifumbua macho nikaona dari nyeupe, na mtu aliyevaa plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayekwenda kurina asali. Nikapeleka mkono tumboni.

Tumbo halikuwepo.

Palikuwa na bandeji, na chini ya bandeji moto.

Nilitaka kuuliza, sauti ikagoma. Koo lilikuwa limechubuliwa na bomba la mashine ya kupumulia. Nikaonyesha tumbo kwa kidole. Yule mtu wa plastiki akanishika mkono, akasema, "Mtoto yupo, mama. Pumzika."

Yupo. Yupo wapi? Hakusema. Alisema huku anaangalia mashine, mimi hakuniangalia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na moja nimekaa kando ya watu wanaojifunza, breki ya pili chini ya mguu wangu. Mwanafunzi akizubaa, mimi ndiye ninayesimamisha gari. Nimezoea kuamua. Hata nyumbani nilikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana mimi na wifi yangu hatukupikika chungu kimoja.

Wifi ni dada wa mume wangu, mpishi wa shule ya bweni. Watu humwita Jemadari, maana amezoea kuamrisha masufuria makubwa na watoto mia nne kwa pumzi moja. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba mimi naijua gia ya nne lakini sijui kukunja shuka. Tangu siku hiyo salamu zetu ziliishia mdomoni.

Basi, ule ugonjwa uliofunga shule na mipaka ulinikuta na ujauzito wa miezi saba na nusu. Ulianza kama mafua tu. Siku ya nne nilishindwa kupanda ngazi tatu za mlangoni kwangu. Nilikaa kwenye ya pili, nikahema kama mbwa aliyefukuzwa mtaa mzima.

Mume wangu, naye anakohoa, akanikimbiza hospitali. Tukapimwa, wote tukakutwa nao. Yeye akaambiwa akajifungie nyumbani. Mimi nikaingizwa wodi iliyotengwa. Akampigia dada yake, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Jemadari alikuja siku hiyo hiyo akaketi kwenye benchi nje ya geti. Ndani hakuruhusiwa.

Wodini tulikuwa wajawazito sita, na habari ilikuwa moja tu: ukiwa na kirusi, huzai, unapasuliwa. Mmoja alisikia kwa jirani, mwingine alisoma kwenye simu. Hakuna aliyemuuliza daktari. Tulitiana hofu wenyewe kwa wenyewe, kitanda kwa kitanda.

Mimi nikaapa kisu hakinigusi. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye siku hizo alikuwa kwa bibi yake, nilimzaa kwa dakika arobaini, nikaomba chai. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisimulia mpaka watu wakiniona wanavuka barabara.

Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni barakoa ya oksijeni, na daktari mwanamke ameniinamia, ananiambia kitu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alichosema sikikumbuki.

Baada ya hapo, dari nyeupe.

Siku ile niliyoamka niliuliza kila aliyeingia. Kwa kidole, kwa macho, kwa sauti ya chura. Mmoja akasema mtoto ni mzima. Mwingine akasema nisubiri daktari. Msafishaji akasema tumuombe Mungu, na hapo ndipo nilipoanza kutetemeka mpaka mashine ikapiga kelele. Ukiambiwa umuombe Mungu na mtu aliyeshika ndoo, moyo unakwenda wapi?

Walileta maji, nikageuza uso. Walileta dawa, nikafumba mdomo. Nilikuwa nageuka upande huu, kidonda kinanivuta; nageuka ule, bomba linanivuta. Akilini nilikuwa nimeshamzika mtoto mara tatu.

Kesho yake asubuhi nesi mmoja akaingia na simu yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Akainyoosha mbele ya uso wangu.

Kwenye kioo alikuwa wifi yangu. Ameketi kwenye kiti, blauzi imefunguliwa vifungo, na kifuani pake pamelala kitu chenye kofia ya sufu, kidogo kama nusu mkate. Kilikuwa kinapumua.

Binti yangu. Njiti, hajafika hata kilo mbili. Mimi nilikuwa sijijui na baba yake alikuwa na kirusi, kwa hiyo aliyepimwa akakutwa salama, akaingizwa chumba cha njiti kumpa mtoto joto la mwili, alikuwa Jemadari. Siku tisa alikuwa anambeba ngozi kwa ngozi.

Unadhani nilihisi nini? Ningependa kukudanganya kwamba nilishukuru.

Nilihisi wivu. Wivu wa kuchoma kuliko kidonda.

Sauti ikanitoka, kavu. "Nani aliruhusu nipasuliwe?"

Nesi akavuta pumzi ili ajibu. Wifi akamuwahi, kwenye simu kule.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeruhusu. Una swali lingine?"

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia hana haki, mwili si wake, angeniacha nizae kama watu wanavyozaa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho. Nilipomaliza nilikuwa na jasho, na kiu. Nikaomba maji, nikanywa glasi nzima.

Nilipohamishiwa wodi ya kawaida nikamkuta mmoja wa wale sita, muuza vitambaa, ananyonyesha. Alizaa kawaida. Kirusi kilekile, kikohozi kilekile, na hana mshono hata mmoja. Nilimwangalia mpaka akauliza kama ana kitu usoni.

Yule daktari wa macho mekundu alipopita, akanieleza taratibu. Kirusi peke yake si sababu ya kumpasua mtu, akasema. Katika sisi sita walipasuliwa wawili: mmoja mtoto alikaa vibaya, mwingine mimi.

"Mapafu yako yalikuwa yanapumulia watu wawili," akasema, "na yalikuwa yameshamshindwa hata mmoja."

Nilimsikia kwa sikio moja. Kichwani tayari nilikuwa na mshitakiwa wangu, na sikutaka kumwachia.

Tulirudi nyumbani wiki ya nne. Jemadari akahamia kwetu bila kuulizwa. Alinisafisha kidonda, alifua nepi, alimwamuru kaka yake kama mwanafunzi wa darasa la pili. Na mtoto, mtoto ndiye aliyenimaliza. Nikimbeba mimi analia. Akimchukua shangazi yake, kimya. Harufu aliyoijua duniani ilikuwa ya mwanamke yule.

Sikutulia. Nilizunguka sebuleni nimeshika mshono, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kama gari lililokosa pa kuegesha. Mume wangu alijaribu kusema neno, nikamwambia akae upande wa dada yake kama anapenda. Hata yeye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo: dada ndiye aliyeruhusu.

Siku moja mchana mtoto alilia saa nzima mikononi mwangu. Wifi akanyoosha mikono ampokee. Na mimi nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka ulimi unakuwa mchungu.

"Uliwaambia wanikate ili na wewe upate mtoto."

Wifi akairudisha mikono mapajani.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alimalizia kukunja nepi alizokuwa nazo mapajani, akazipanga, akaingia chumbani. Kesho yake asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni. Shule zimefunguliwa, alimwambia kaka yake, masufuria yanamsubiri. Mimi aliniaga kwa kichwa.

Wahenga wanasema asante ya punda ni mateke. Sasa unajua punda alikuwa nani.

Wiki mbili baadaye nilikwenda hospitali kuangaliwa kidonda. Nesi wa mapokezi akanikabidhi faili langu nilipeleke mwenyewe chumba cha daktari, mwisho wa korido. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaketi, nikalifungua. Nilikuwa natafuta jina la wifi yangu. Nilitaka kuiona saini yake kwa macho yangu, nipate kumchukia kwa ushahidi.

Ukurasa wa ruhusa ya upasuaji ulikuwa wa sita.

Saini ilikuwa yangu.

Ileile ninayowatilia wanafunzi wangu wakifaulu, yenye mkia mrefu, safari hii mkia umepinda mpaka ukingoni mwa karatasi. Chini yake mwandiko wangu, wa kutetemeka, umeandika: *Fanyeni haraka. Mtoto kwanza.*

Na pembeni daktari aliandika maelezo mafupi. Ndugu wa mgonjwa amepigiwa simu, ameomba tusubiri. Mgonjwa ana fahamu, ameelezwa, amekataa kusubiri. Amesaini mwenyewe.

Nililisoma mara nne. Watu walinipita kwenye foleni, nikawaacha wapite.

Hakuna aliyeniamulia. Niliulizwa, nikajibu. Pumzi iliponiishia, kumbukumbu nayo ikaondoka.

Sikuonana na daktari siku hiyo. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, mtoto mgongoni, nikazunguka nyuma ya bwalo mpaka jikoni. Jemadari alikuwa ameinama ndani ya sufuria kubwa, anakwangua ukoko kwa mwiko, miguu tu ndiyo inaonekana.

Nikasema, "Wifi, nimesoma faili."

Kukwangua kukasimama. Alitoka taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni. Hakuonekana kushangaa. Alionekana amechoka.

"Kwa nini uliniambia ni wewe?"

Aliniambia niketi kwanza, kidonda bado kibichi. Nikaketi juu ya gunia. Ndipo akanieleza kwamba siku ile kabla ya simu, nesi alimwambia nakataa maji, nakataa dawa, nimegeukia ukuta. Walianza kuogopa kwamba mapafu yamepona lakini mwenye mapafu ameamua kuondoka.

"Halafu ukauliza lile swali," akasema. "Kwa hasira. Nikaona rangi inarudi usoni. Nikasema huyu anahitaji mtu wa kugombana naye. Ningekuambia ni wewe mwenyewe, ungegombana na nani? Hukuwa na nguvu za kujichukia."

"Na wewe ulizipata wapi za kuchukiwa?"

Akatazama chini.

"Mimi nilisema wasubiri, wifi. Daktari alipopiga nilishikwa na woga, nikamwambia angoje nimpate kaka. Wangenisikiliza mimi, leo nyote wawili msingekuwepo. Kwa hiyo matusi yako niliona ni halali yangu. Isipokuwa lile la mwisho."

Nilimuomba msamaha. Nilivyoomba sitaandika hapa, ni kati yangu na yeye na lile gunia. Hakusema amenisamehe. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha, akafungua kanga mgongoni mwangu, akamchukua mtoto.

"Nimalizie hilo sufuria," akaniamuru.

Nikashika mwiko, nikakwangua.

Nimesimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, wewe uliye mjamzito na umekutwa na ugonjwa wa kutisha, usichukue habari ya tumbo lako kwenye kitanda cha jirani. Muulize daktari, na uulize tena. Jirani yako anaweza kuzaa kawaida na wewe ukahitaji kisu, na nyote wawili mkawa mmefanyiwa haki.

Ya pili ni hii. Yupo mtu kwenu anayepokea lawama zako kimya kimya, hajitetei, na wewe umeuchukua ukimya wake ukaufanya ushahidi. Mwendee leo. Usingoje faili ndilo likwambie.