Meko ya Mtihani

Dada yangu Tryphosa alikuwa mtu wa sauti ndogo, na watu wa sauti ndogo wakiamua jambo lao hukuacha mdomo wazi. Siku aliyobomoa meko ya mumewe mbele ya Mzungu wa Leba, ofisi ya kazi ya serikali, mimi nilikuwa nimesimama kando ya ndoo ya uji, nikiwauzia mafundi, na upawa ulinitoka mkononi ukaanguka. Nimezeeka sasa, lakini jambo hilo sijalisahau.

Mumewe aliitwa Wangila. Alikuwa fundi mwashi, mrefu, mwenye maringo ya kazi yake, aliyetoka kwetu Kimilili akaja kumjengea Mzungu mmoja mazizi upande wa Cheptiret. Shamba likauzwa, na Mzungu aliyelinunua hakutaka mafundi, alitaka wakamuaji. Basi wakahamia mjini Eldoret, Sisibo kama tulivyouita siku hizo, wakapanga chumba kimoja, nami nikaja kukaa nao. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja. Mwafrika asiye na kazi mjini askari walikuwa wakimkamata na kumrudisha kwao, apende asipende.

Na Tryphosa alikuwa mjamzito. Watoto wawili wa kwanza, Khisa na mdogo wake, walikuwa wamekufa kule shambani wakiwa wachanga. Daktari wa hospitali ya mjini alimwambia wazi kwamba huyu wa tatu asimpeleke mbali, abaki karibu na hospitali mpaka ajifungue. Kwa hiyo kazi aliyoitafuta Wangila haikuwa ya kununua unga tu. Bila kazi hakuna mji, na bila mji tulimwogopea mtoto.

Ndipo serikali ikatushangaza. Serikali tuliyoijua sisi ilikuwa ya kodi na kipande, ile hati ya kazi ya kutembea nayo, ikikuita jina lako ujue umepatikana. Sasa ilitangaza sokoni kwamba inajenga nyumba za wafanyakazi, na kwamba ofisi ya Leba itawapima mafundi. Atakayefaulu angepewa cheti na kazi siku hiyo hiyo, awe Mluhya, awe Mnandi. Mzee Kiptoo, jirani yetu, alisema huo ni mtego wa kukusanya watu wasio na vipande. Lakini wanaume walikwenda wakarudi na vyeti, na kesho yake tukawaona wamepanda lori la kazi.

Mtihani ulifanyiwa uani kwa Leba. Kila fundi alipewa matofali na udongo wa kuungia, akaambiwa ajenge meko ya ukutani na bomba lake la moshi, kama yale ya nyumba za Wazungu. Akimaliza, moto unawashwa, watazame kama moshi unapanda au unarudi machoni. Wangila alijenga bila haraka, akirudi nyuma kila mara kutazama. Moto ulipowashwa, moshi wake ulipanda juu moja kwa moja. Mzungu aliinama akachungulia ndani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tryphosa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu nami, alifumba macho akamshukuru Mungu.

Karani wa Leba, kijana mmoja aliyeitwa Nicanor, akamwambia Wangila, "Umepita. Sasa bomoa."

Wangila alicheka. Alidhani ni mzaha.

"Ni sheria," Nicanor akasema. "Kila fundi anabomoa yake, anasafisha matofali, anawachia mwingine. Halafu anapewa cheti."

Nilimwona shemeji yangu akibadilika uso. Katika ukoo wao, meko yakishawashwa moto hayaguswi tena mpaka mwenye nyumba afe, na anayeyaondoa ni mjane wake. Alimwona mama yake, Nanzala, akiyang'oa mafiga siku waliyomzika Mzee Wepukhulu, baba yake. Na kule Cheptiret, Mzungu alipoamuru vibanda vihamishwe, Wangila alilazimika kubomoa meko yake kwa mkono wake mwenyewe. Khisa akafa mwezi huo huo. Walipohamishwa tena, akabomoa tena, na yule wa pili akafuata. Unaweza kumwambia mtu kama huyo habari za malaria mpaka jua litue, hatakusikia.

"Karani," alisema, "ambia Bwana hii si mtihani tena. Hii ni meko. Imeshawashwa moto."

"Hii ni matofali ya serikali, Wangila."

"Basi niuzie. Nitalipa nikianza kazi."

"Haziuzwi. Walubengo amebomoa yake hapo, si ni wa kwenu? Umeona amekufa?"

Walubengo kweli alikuwa akigonga matofali yake huku akipiga mluzi, lakini Walubengo hakuwa amezika mtoto. Mzungu akauliza kuna nini. Nicanor akamweleza, Mzungu akatazama saa yake, akasema maneno machache. Asipobomoa hana cheti, na bila cheti hana kazi. Wangila akaanza kukusanya vyombo vyake, timazi na mwiko, akavifunga guniani.

Tryphosa aliinuka. Nilidhani anakwenda kumbembeleza. Alipita na tumbo lake lile kubwa katikati ya wanaume, akaokota nyundo iliyokuwa chini.

"Tryphosa, weka hiyo chini," Wangila akasema.

"Baba Khisa, simama kando."

Akapiga. Bomba likaanguka upande mmoja, vumbi likatufunika. Akapiga tena. Hakuna mtu aliyemshika, kwa sababu hakuna aliyeamini anachokiona: mwanamke mwenye mume aliye hai, amesimama hapo hapo, anamwondolea meko kama aliyemzika. Mluzi wa Walubengo ulikatika. Mimi niliogopa, na papo hapo nikamkasirikia dada yangu kwa hasira ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Nilidhani amerukwa na akili.

Kumbe hayakuwa yameisha. Nicanor, akigugumiza, akasema, "Mama, pole. Bwana anasema sharti fundi mwenyewe abomoe."

Kama upawa ungekuwa bado mkononi ningempiga nao. Tryphosa alisimama akihema. Ulibaki mstari wa chini wa matofali tu, majivu ya moto bado yako juu yake. Alimgeukia mumewe, akamnyooshea nyundo, mpini mbele.

"Mimi nimeshakuzika," alimwambia kwa sauti yake ile ndogo. "Sasa huna cha kuogopa tena. Malizia, uende kazini."

Alimalizia. Alisafisha matofali yote, akayapanga, akapewa cheti, na kesho yake akapanda lori na wenzake. Tukabaki mjini. Lakini mtu tuliyebaki naye alikuwa mgeni. Alikula, akalala, akaenda kazini, na kila Tryphosa aliposhika kiuno, mumewe alisimama ghafla, akatoka nje. Dada yangu aliimba nyimbo za kanisa akifua nguo ndogo za mtoto, na sikuwahi kujua kama anaimba kwa imani au kwa woga.

Uchungu ulimshika Jumapili asubuhi, ukamshika kwa nguvu hata hatukuwahi hospitali iliyokuwa karibu hivyo. Mama Jelagat, mke wa Mzee Kiptoo, ndiye aliyempokea mtoto. Alitoka kimya. Mama Jelagat akamgeuza, akampigapiga mgongoni, na tulipokuwa tumeanza kutazamana, mtoto akalia. Alikuwa msichana.

Nilitoka mbio kumwambia Wangila. Mlangoni hayupo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, katikati ya kabichi zetu, amesimama ndani ya shimo lililomfika magotini. Lilikuwa shimo dogo la pembe nne, na kuta zake zimenyooka sawasawa, kama kila kitu alichokifanya kwa mikono yake. Nilielewa ni la nini.

"Shemeji, toka humo," nikasema. "Ni msichana. Analia."

"Nani analia?"

"Mtoto wako."

Alinitazama kana kwamba nasema lugha asiyoijua, akainama akatupa juu udongo mwingine. Kisha sauti ya mtoto ikapita ukutani, na yeye akaisikia. Aliketi mle mle shimoni, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Nilimnyang'anya jembe nikaanza kurudisha udongo akiwa bado ameketi, na ulipomfunika viatu ndipo akainuka, akaingia ndani kumwona binti yake.