Kichwa Alichokiacha Nusu

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Mimi nilikuwa nafagia nywele, Baba alikuwa akimnyoa Kamau wa bodaboda, na magari yalinguruma Waiyaki Way kama kawaida. Kibanda chetu cha kunyolea hapa Kinoo ni cha mabati, chenye kioo kimoja. Baba alikuwa mwanajeshi, na alirudi kutoka Somalia masikio yakiwa karibu kufa. Mteja akisema kitu, mimi nasimama upande wa kulia wa Baba nakirudia kwa nguvu. Shuleni siinui mkono hata nikijua jibu. Ndani ya kibanda hiki mimi ndiye sauti.

Stima ikapotea, mashine ikazima. Kamau alikuwa amenyolewa upande mmoja.

"Soja, wacha nikabebe mteja mmoja, nitarudi stima ikirudi."

Nikarudia. Baba akambonyeza begani, akachukua kitana na wembe.

"Mtu hatoki hapa nusu."

"Ai, si ni kichwa yangu?"

"Ukikalia hiki kiti ni yangu."

Waliokuwa wakingoja wakacheka. Hiyo sheria kila mtu Kinoo anaijua. Nilidhani ni ukaidi wa jeshi tu, kama vile anavyokunja blanketi.

Kamau alipotoka, mama mmoja mzee aliingia, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Alitusalimia, akasema anaishi Riruta kwa binti yake. Kisha akataja jina: Wekesa.

Hilo sikulirudia. Baba alikuwa ameshalisoma midomoni mwake, kwenye kioo.

"Ni mwanangu," mama aliniambia. Aliongea chinichini. "Jeshi walisema hajulikani aliko. Sisi kwetu mwili usipopatikana tunazika mgomba, halafu waliofiwa wananyolewa. Wazee wamenisukuma miaka yote hii. Nimekataa. Nitazikaje mgomba na mtoto labda anapumua mahali? Nimesikia baba yako alikuwa naye. Muulize kama alimwona akifa."

Nilitamani angekuwepo mtu mwingine wa kuuliza.

"Baba, anauliza kama ulimwona Wekesa akifa."

Sauti ilitoka kubwa mpaka mama mboga aliye nje akageuka. Baba aliweka wembe chini. Kwa maisha yangu yote sijawahi kumsikia akisimulia vita.

"Ilikuwa siku ya kupumzika," alisema. "Nilikuwa namnyoa chini ya turubai. Anajiangalia kwa kioo cha lori, ananicheka. Ati nisimharibu, mama yake atauliza ni nani alimnyoa."

Mama akatabasamu kidogo.

"Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia."

Akaonyesha upande huo kichwani mwake.

"Kitu kikalipuka langoni," Baba akaendelea.

"Wekesa akaruka na taulo shingoni. Bunduki yake kubwa ilikuwa kwenye handaki la mbele. Alifika. Nilimwona akifika."

"Alipiga bila kuacha. Sisi tukapita nyuma yake, tukatoka."

"Bomu la pili likatua pale pale."

Nje pikipiki ilipita. Baba hakuisikia.

"Alikufa, Mama. Tuliporudi nilitafuta kwa mikono yangu. Hakukuwa na cha kuokota. Niliwaambia wakubwa nikiwa bado hospitalini. Nilidhani walikufikishia."

Mama hakulia. Aliniuliza mimi, kana kwamba naweza kujua: "Hakukimbia?"

Nikarudia.

"Tuliokimbia ni sisi, Mama. Tuliweza kwa sababu yeye alikaa."

Wiki hiyo mgomba ulizikwa kwao Wekesa, Bungoma. Baba alienda na bereti yake, akasimama mbele ya ukoo wote, akayasema yale yale bila mimi kando yake. Aliporudi alilala siku nzima.

Jumamosi iliyofuata mama akaja tena. Kamau ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Aliinuka haraka.

"Shosho, keti. Mimi hata sina haraka leo."

"Walitaka kuninyoa nyumbani," mama alimwambia Baba. "Nikawaambia nina kinyozi wangu."

Akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa nyeupe, ndefu, zimeshikana. Wembe haukuwa umezigusa tangu habari za Wekesa zilipofika.

Stima ilikuwepo, lakini Baba hakuwasha mashine. Aliomba maji moto na wembe mpya. Alianza upande wa kulia, polepole, nywele zikianguka kwenye leso ambayo mama alikuwa ameitandaza mapajani. Alipofika katikati ya kichwa, mkono ukasimama.

Akabaki anatazama kioo. Kamau alitazama chini. Mama akasema neno, hata mimi nililisikia kwa shida.

Nikasogea sikioni.

"Baba, anasema umalizie, mwanawe."

Akamaliza.

Ukutani kwetu hakuna picha ya Baba akiwa kwenye gwaride, na nishani yake iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Wateja wengi humwita Soja kwa utani tu. Siku hiyo hakuna aliyetania. Nilitamani darasa letu zima lingekuwa pale limwone.

Mama alifunga nywele zake kwenye leso. Akajipapasa kichwa, kulia kisha kushoto, taratibu, kama anayehakikisha.

"Sasa nimefiwa," alisema.

Baba alinitazama akingoja nirudie. Safari hii nilisema kwa sauti ya chini kabisa, na alinisikia.