Glasi ya pili ya mkaguzi Wagdi

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Februari. Mkoba wa ngozi uko juu ya meza, tochi na daftari zimo ndani, na Wagdi Abul-Izz amesimama mlangoni akimsubiri mwenye mkoba. Saa mbili inapita. Kwa miaka kumi na tisa Ami Shawki hajawahi kuchelewa zaidi ya muda wa kumaliza sahani ya ful, maharage yake ya asubuhi. Saa mbili na robo simu ya ofisini inalia, na Wagdi anajua kabla hajaipokea.

Ami Shawki, mkaguzi wa moto aliyezeekea katika karakana za samani za mji wa Dumyat, Misri, alilala usiku ule na hakuamka.

"Nilibaki nimeushika mkoba," anasema Wagdi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. "Mimi nilizoea kuubeba tu. Pa kwenda alipajua yeye."

Tena Wagdi hakuwa na cheti cha ukaguzi. Kila mwaka tangazo la mafunzo ya wakaguzi lilibandikwa ukutani, kila mwaka Ami Shawki alimhimiza ajiandikishe, na kila mwaka Wagdi alijibu: "Mwakani, inshallah. Si wewe upo?"

Bila cheti hakuna sahihi kwenye ripoti. Ofisi ilimpa hadi Juni. Afaulu, au ahamie ghala la mipira ya maji, na karakana mia moja na kumi na nane za mtaa ule wapewe wakaguzi wa mji mwingine. "Watu," anasema, "wasioweza kutofautisha harufu ya vanishi mbichi na ya supu."

Mafunzo yalichukua siku arobaini. Alikaa dawati moja na vijana waliozaliwa mwaka aliooa. Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili, na yeye shule aliiacha kabla ya kumaliza sekondari. Jioni mkewe, Nahid, alimuuliza maswali huku akikunja wali katika majani ya mzabibu.

"Mlango wa dharura unafungukia wapi?"

"Nje."

"Na mkaguzi akiingia mahali anaangalia nini kwanza?"

"Njia ya kutokea."

"Mbona wewe unaangalia sufuria?"

"Nakagua, mama watoto. Naona moshi."

"Moshi ni wa kichwa chako. Soma!"

Mtihani wa kuandika aliuponea chupuchupu. Wa vitendo ndio ungeamua, na ulipangwa katika karakana ya fundi Mitwalli, mtengenezaji wa samani za vyumba vya maharusi. Msimamizi alikuwa Mhandisi Safinaz, mwanamke wa maneno machache na kalamu nyekundu. Siku moja kabla, alipita kwa fundi akaandika kila kasoro aliyoiona, akamwomba asirekebishe wala asifiche kitu hadi mtihani uishe. Fundi akaapa kwa macho yake yote mawili.

Lakini mtaa ule una desturi yake. Mkaguzi akionekana kwenye kona, fundi wa kwanza hugonga ubao kwa nyundo ya mti mara tatu, wa pili hudaka, na mapigo hutangulia mbele ya mgeni kama tarumbeta. Asubuhi ile yakagongwa. Mikono ya Mitwalli ikafanya ilichozoea kufanya kwa miaka thelathini, bila kumshauri mwenyewe.

Wagdi aliingia na mkoba begani. Fundi akafungua mikono.

"Karibu, mwanafunzi wa marehemu! Chai!"

Ukurasa wa tisa wa kitabu unasema mkaguzi hapokei chakula wala kinywaji. Wagdi akameza mate. "Ahsante fundi. Leo sinywi."

Hata msasa ulisimama.

"Hunywi kwangu? Ami Shawki, Mungu amrehemu, alikunywa hapa hata siku aliyonifungia karakana!" Fundi akakunja mikono kifuani, na kuanzia hapo akajibu kwa kidevu tu.

Wagdi akazunguka. Akaona pipa la thina ya kuchanganyia rangi lisilo na kifuniko. Akaona mtungi wa kuzimia moto uliopitwa na tarehe, na vitanda viwili vilivyoziba mlango wa nyuma. Akaandika. Mhandisi alitazama saa, kisha akatazama benchi moja tupu, akakunja uso. Wagdi akauona uso ule. Kuna kitu kilikuwa hapo, na hakipo.

Akakumbuka alichokuwa akiambiwa kila walipotoka kazini. "Glasi ya kwanza ni ya mgeni," Ami Shawki alikuwa akisema. "Yaweza kuwa imechemshwa popote. Ya pili ni ya mkaguzi. Ikija ya moto kabla hujafuta mdomo, basi moto uko karibu na wewe."

Akaketi juu ya boriti. "Fundi, nimekosa adabu. Lete hiyo chai."

Kalamu nyekundu ikaandika kitu. Wagdi akainywa, akaisifu, akainyoosha glasi. "Na nyingine."

Fundi akasita. Lakini nani Dumyat atamnyima mgeni glasi ya pili? Ikaja, inatoa mvuke. Wagdi hakuigusa. Alifuata njia iliyopitia, hadi kwenye kabati jeupe la bi harusi lenye maua ya dhahabu, akafungua mlango wake.

Ndani, katikati ya maranda, jiko la spiriti lilikuwa linawaka polepole, birika juu yake likiimba.

"Fundi!" Mhandisi alipaza sauti. "Si uliapa?"

"Wallahi, Mhandisi, si mimi. Ni mikono!"

"Bi harusi huyu," Wagdi alisema akilizima jiko, "shuka zake zingenuka chai mpaka apate wajukuu."

Karakana nzima ikacheka, fundi akacheka kuliko wote, kisha akakaa chini ghafla, akilitazama kabati na pipa la thina lililokuwa hatua tatu tu kando yake.

Mhandisi Safinaz alimpunguzia alama nne za chai. Za jiko alimpa zote. Jumla sabini na tatu. Za kufaulu ni sabini.

"Ule ujanja wa glasi ya pili," alimuuliza nje, "uko ukurasa gani?"

"Ukurasa huo tulimzika Februari, Mhandisi."

Mhandisi akamwambia aje kituo cha mafunzo Septemba awafundishe wanafunzi wapya kwa nusu siku. Wagdi amekubali. Nahid ameshaanza kumuuliza maswali upya, safari hii ya mwalimu.

Cheti kiko ukutani ofisini, chini ya saa. Jumatatu saa tatu anarudi kwa fundi Mitwalli kuangalia kama mlango wa nyuma umefunguliwa. Mkoba bado anaubeba yeye, ila sasa sahihi itakuwa yake.