Kaimati Sita za Idi

"Mjukuu wangu hadanganyi," bibi alimkatalia daktari wa kliniki ya kisukari, Ilala. "Shule aliishia kidato cha pili, lakini hesabu anazijua."

"Sikatai, bibi. Ila kompyuta inatumia vipimo vyako kukadiria sukari itapandaje ukila, ili nikupangie insulini. Hivi haviingii akilini." Akafunua daftari nililoliandika mimi. "Siku ya Idi ulikula nini?"

"Biriani. Na kaimati kidogo."

"Ngapi?"

"Sita."

"Na sukari ikabaki saba, kama kabla ya kula?"

Bibi akanigeukia. Sikuwahi kuuonea haya mwandiko wangu mzuri mpaka siku ile. Kila nilipomtoboa kidole kumpima sukari alilia, basi kwa wiki tatu nikawa naacha kabla damu haijafika kwenye kipimo, naandika namba za kupendeza: saba, sita na nusu, saba tena. Kwa namba hizo angepewa dozi isiyo yake. Huruma yangu ilijua hesabu, haikujua kaimati.

Nikakiri. Daktari akazikata namba zote kwa kalamu, akanikabidhi daftari jipya.

Mlangoni bibi alinishika mkono. "Kesho asubuhi nitoboe," alisema. "Nikilia, endelea."