Ndege ya Mabawa Marefu

Nilikulia Buganguzi, katika nyumba iliyozungukwa na migomba, na ndege yangu ya kwanza ilitoka kwenye migomba hiyo. Tata, yaani baba yangu, aliichonga kutoka kwenye kikonyo cha jani, akapachika mabawa kwa vijiti. Alikuwa ameshamtengenezea kaka yangu yake, nami nikataka kama hiyo, nikakataa mwanasesere wa magome ya mgomba ambaye wasichana wenzangu walimbeba mgongoni. Ndege yangu ilinyauka baada ya siku chache. Akachonga nyingine bila kuombwa.

Mwaka jana binti yangu alitaka ndege inayoruka kweli, ya rimoti. Sasa tunaishi Hamugembe, na amekua akisikia ndege zinazoshuka uwanjani kando ya ziwa. Katika duka la mjini zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa ya kivita, rangi ya fedha, pua imechongoka. Hiyo aliikumbatia papo hapo. Nyingine ilikuwa nyeupe, ya povu gumu, mabawa marefu yamekaa juu ya mgongo, panga boi moja mbele.

Nikampigia simu kaka yangu, fundi umeme wa Mwanza ambaye hurusha vitu hivi siku za mapumziko.

"Hiyo ya kivita ni ya mtu aliyekwisha kujua," alisema. "Ukizubaa kidogo imeshajibamiza. Mchukulie ya mabawa ya juu. Hata akiachia vidole, inajinyoosha yenyewe."

Binti aliitazama ile nyeupe. "Mama, hii ni ndege ya wazee."

"Na wewe ni rubani mgeni," nikamjibu. Nikalipia ile nyeupe.

Hamugembe tusingeweza kuirusha, uwanja wa ndege uko karibu mno, hivyo Jumamosi tukaenda kwa mama yangu Buganguzi. Asubuhi, upepo ukiwa bado umetulia, tukasimama sote watatu kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Nikaitupa mbele kama kaka alivyonielekeza. Ikapanda. Binti aliizungusha vizuri, ulimi kati ya meno, lakini ilipogeuka kumjia, kushoto kukawa kulia, akachanganyikiwa. Ikatumbukia kwenye kibanja cha jirani, shamba lake la migomba na kahawa. Tuliikuta juu ya mti wa kahawa, bawa limepasuka.

Alilia. Mama yangu akalichukua lile bawa, akaligeuza geuza.

"Babu yako angecheka," alimwambia. "Huyu mama yako alikuwa akianguka na yake, magoti yote vidonda, halafu anasema iliyoanguka ni ndege, siyo yeye."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Tata alifariki zamani, na sikutegemea kumsikia akitajwa hivyo, katikati ya mchezo. Nilijifanya natafuta kipande cha povu kwenye majani mpaka macho yakakauka.

Tuliliziba bawa kwa selotepu. Jioni binti akarusha tena, na safari hii alipunguza nguvu mapema; ndege ikateleza juu ya nyasi, ikasimama. Akampelekea bibi yake rimoti.

"Bibi, jaribu."

"Nitaishika tu, mjukuu wangu. Usiiwashe."

Akaishika kwa mikono miwili, akaielekeza juu penye anga tupu, akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Binti akasimama nyuma yake, akamwonyesha kijiti cha kupandisha na kushusha, taratibu, kwa Kihaya chake cha kubabaisha.